Shene ya moto inaishia wapi? Tuangalie udongo mbele ya kulaumu motari



Wengi kati yetu, masomo yakiisha, tunakutana na moto kwa njia mbili. Ya kwanza: unapata kazi ya tereni, kufuata wakulima kijiji kwa kijiji, na wanakupatia moto ao wanakuomba uwe na yako. Ya pili: kazi inakawia, unakusanya dola zako kidogo pamoja na za mjomba, unanunua moto, unaipatia motari, na yeye anakuletea verseman kila jioni. Kwa njia zote mbili kuna kitu kinakula pesa pole pole bila kelele: ni shene, pamoja na zile duara mbili zenye meno, pinyo ya mbele na kurone ya nyuma.

Kwa njia ya pili inaleta hata ugomvi. Mwenye moto anasema: "Miezi tatu tu, shene imeisha, unaniharibia moto!" Motari anajibu: "Boss, njia njo mbaya." Anaikataa, anaambiwa arudishe fungulo. Nimeona watu wa familia moja hawasalimiane tena juu ya kiti-shene (si kiti cha kukalia, ni ile seti ya shene, pinyo na kurone). Na mara nyingi hakuna hata mmoja kati yao aliyeangalia vizuri kitu chenyewe kiliisha fasi gani. Mimi si fundi wa garaje, ni agronomu. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya somo la udongo, lile wengi tulikariri kwa ajili ya egzame tu.

Tuanze na neno moja lenye kutudanganya. Tunasemaka "shene imevutika", kama vile raba. Hapana. Vile vibati vya pembeni havijavutika, chuma chao ni kile kile. Fungua kiungo kimoja cha shene uone: kuna msumari mfupi, msumari umepita ndani ya bomba dogo, na juu ya bomba kuna pete yenye kuzunguka, ndiyo inayokaa kwenye meno. Kila mara shene inapopinda ili kuzunguka pinyo, msumari unasugua ndani ya bomba. Fasi ile inakulwa kidogo kidogo. Msumari unakuwa mwembamba upande mmoja, bomba linapanuka, na kiungo kinapata nafasi ya kucheza.

Tufanye hesabu. Moto nyingi ndogo za kwetu, zile za 100 mpaka 150 cc, ziko na shene ya namba 428. Kati ya msumari na msumari kuna milimita 12.7. Shene yenye viungo 118 ikiongezeka kwa 2%, kila kiungo kimepoteza robo tu ya milimita, unene wa karatasi mbili ao tatu. Lakini robo hiyo mara 118 inakupatia sentimita 3. Njo zile sentimita 3 unaona shene inalegea, unapeleka gurudumu nyuma, kesho inalegea tena. Mpaka siku alama za kukaza zinaishia, na fundi anakwambia: "Tukate kiungo kimoja."

Kukata kiungo ni kudanganya macho. Shene inarudi kuwa fupi, ndiyo, lakini kila kiungo kilichobaki kingali na ile robo yake ya uchezaji. Meno ya kurone yalitengenezwa kwa 12.7, wewe unayaletea 12.95. Shene haikae tena chini kati ya meno, inapanda juu, na mzigo wote unabebwa na meno machache pahali pa kugawanywa kwa mengi. Njo vile meno yanapinda kama ndoano, ama kama mapezi ya samaki. Kiisha hayo meno yaliyopinda nayo yanaharibu shene yoyote mpya utakayoweka juu yake. Ndiyo sababu kubadilisha shene peke yake na kuacha pinyo na kurone za zamani ni kutupa pesa: shene mpya inalipa deni la ile ya zamani.

Sasa, nini inakula ule msumari? Hapa njo tunaingia shambani kwetu.

Kumbukeni ukubwa wa punje. Mchanga unaanza milimita 2 kushuka mpaka 0.05. Chini ya hapo ni limo, mpaka 0.002, na chini ya hiyo ni udongo wa mfinyanzi. Nafasi kati ya msumari na bomba ni sehemu ndogo ya milimita moja. Kwa hiyo punje kubwa ya mchanga, ile unaona kwa macho na unaiogopa, haiingie ndani ya kiungo. Inabaki nje, inasaga pete na meno. Zenye kuingia ni limo na mchanga mlaini kabisa, zile punje ukizisugua kati ya vidole unazisikia kidogo sana, ao unazisikia ukiziweka kati ya meno. (Mwalimu wetu alitufundisha kuonja udongo namna hiyo, wenzetu wa fakilte ya droit wakacheka.)

Pili, ugumu. Kwa kipimo cha Mohs, madini ya mfinyanzi kama kaoliniti yako kwenye 2 hivi, unayakwangua kwa ukucha. Chuma cha kawaida ni 4 ao 5, chuma kilichokazwa kwa moto kinafika karibu na 6.5. Kwarsi, ambayo njo mchanga mwingi wa dunia, ni 7. Maana yake kwarsi inakwangua msumari wa shene, na msumari hauwezi kuikwangua yenyewe. Ule udongo mwekundu wa Walungu ao Kabare, unaotia watu woga juu unashika moto nzima mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, sehemu yake kubwa ni laini. Kosa lake ni lingine: unabeba. Unanata, unashika maji, na ndani yake umechanganya limo na punje za kwarsi pamoja na vijiwe vya chuma vya njia ya lateriti. Ni kama ile dawa ya kusugua sufuria. Sabuni yenyewe haikwangue, inashikilia tu mchanga pahali pake ufanye kazi.

Kule Bonde la Ruzizi, upande wa Uvira, mambo ni tofauti. Fasi mingi udongo uliletwa na maji, mchanga ni mwingi, na wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, vumbi linaruka bila matope yoyote. Motari wa kule atakwambia njia yake ni nzuri, hakuna utelezi. Ni kweli kwa tairi, si kweli kwa shene.

Na Goma? Watu wanasema "lava inakula moto." Wako na haki, ingawa mawe ya Nyiragongo hayana kwarsi, ile lava ni maskini wa silika. Lakini madini yake mengi yanapita 5, mengine yanafika 6 na zaidi, na vipande vyake ni vipya. Lava ya 2002 ama ya 2021 haijapata miaka ya kuviringishwa na maji kama mchanga wa mto. Kila kipande kiko na kona kali kama kioo kilichovunjika. Ukali wa kona unasaidia pale ugumu unapopungua.

Mukitaka kuona wenyewe, jaribu hii, haiombe pesa. Toa uchafu mweusi juu ya shene, uweke ndani ya chupa ndogo na petrole, tikisa, uache usiku moja. Kesho yake mafuta yatakuwa yamepanda na chini kutakuwa na tabaka, kama tu tulivyokuwa tunafanya ku labo. Mwaga pole pole, chukua ile ya chini na usugue kati ya vipande viwili vya kioo. Ile sauti unayosikia ndiyo inayoendelea ndani ya shene yako saa zote unapotembea.

Hapo tunafika kwenye desturi yenye kuniudhi zaidi: mafuta ya vidanje. Karibu kila garaje ya kando ya njia iko na bidoni ya mafuta meusi yaliyotoka ndani ya motere, na kila asubuhi wanamwagia shene. Mafuta yale yako na masizi na unga wa chuma tayari. Tena yanamwagwa mengi, nje, yanadondoka, yanashika vumbi, na saa moja baadaye umetengeneza dawa ya kusugua sufuria juu ya shene yako mwenyewe. Grisi nzito nayo ni vile vile: inang'aa, inafurahisha mwenye moto, lakini haiwezi kupenya mpaka ku msumari, ambako njo kuna shida. Shene inalowa nje, ndani imekauka.

Na shene iliyokauka ndani inatoa alama moja ambayo kwetu inapotea kwa sababu ya rangi ya udongo wetu. Msumari ukisugua bila mafuta unatoa unga mwekundu-kahawia, unaotokea pembeni ya vibati, pale msumari unapoishia. Ni kutu. Walungu yote ni nyekundu, kwa hiyo kila mtu anasema ni vumbi la njia. Pangusa shene vizuri, tembea nusu siku ku njia kavu, kiisha angalia tena: kama wekundu umerudi paka pale ku vichwa vya misumari na si fasi ingine, ile si udongo, ni chuma chako kinatoka.

Kusafisha, basi. Petrole, ile ya taa, na burosi ngumu. Si esansi: kwanza ni hatari ya moto wa kweli, pili, kama shene yako ni ya aina yenye vipete vya raba pembeni ya viungo, esansi inaharibu raba. Vile vipete ndivyo vinafunga grisi ya kiwandani ndani na kuzuia limo kuingia; vikikufa, hakuna namna ya kurudisha ile grisi. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi ile pompe ya maji yenye nguvu ku lavaje, ikielekezwa karibu-karibu ku shene. Maji yanasukuma limo kule ambako lenyewe halingefika. Kisha pangusa, acha ikauke, na tia mafuta mapya kidogo, yale ya boite 80W-90 yanatosha, tone kwa tone upande wa ndani wa shene, pale vibati vinapokutana. Zungusha gurudumu kwa mkono. Ngoja dakika kumi yaingie, halafu upanguse ya nje yote. Nje ikionekana karibu kavu, umefanya vizuri. Wakati wa mvua rudia kila siku umepita ndani ya maji. Wakati wa vumbi, punguza mafuta ya nje zaidi.

Ninaomba jambo moja hapa kwa nguvu: motere izimwe, na vitesi viondolewe. Kuna watu wanawasha moto, wanaiweka ku vitesi ya kwanza na gurudumu hewani, wanashika kitambaa ku shene. Kitambaa kikishikwa na kurone, kidole kinafuata. Vidole vinakatika kweli.

Udongo si peke yake. Kuna mkazo. Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba urefu ambao shene inahitaji unabadilika wakati amortisere zinashuka. Ule mkono wa chuma wenye kushika gurudumu la nyuma hauzunguke pale pinyo iko, unazunguka nyuma yake kidogo. Kwa hiyo moto ikibeba uzito, gurudumu linaenda mbali na pinyo, mpaka ile saa pinyo, kiungo cha mkono na akse ya nyuma vinakuwa mstari mmoja. Hapo shene inakuwa imekaza kuliko wakati wote. Sasa fundi anaikaza moto ikiwa tupu, imesimama ku bekiye, anaikaza "vizuri" mpaka haichezi. Kiisha wanapanda watu wawili na mfuko wa muhogo, moto inaanguka ndani ya shimo, na shene haina pa kwenda. Inavuta msumari, inavuta rulma za gurudumu, inavuta hata ile akse yenye kutoka ndani ya boite. Shene yenye kukaza sana ni mbaya kuliko yenye kulegea kidogo. Kwa moto ndogo za njia, vitabu vyake mara nyingi vinaomba uchezaji wa milimita 20 mpaka 30. Moto refu za pori zinaomba zaidi, kama 35 mpaka 50, juu amortisere zao zinasafiri mbali. Zungusha gurudumu, tafuta fasi shene inakaza zaidi, pimia pale. Halafu weka watu wazito wawili juu ya moto uhakikishe bado inacheza.

Njia ya kupanda nayo inachangia. Ku vitesi ya kwanza, shene ya moto ndogo inaweza kuvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 200, karibu mara tatu ya nguvu ya vitesi za juu. Mtu wa Uvira anayetembea tambarare na mtu wa Kabare anayepanda kila siku hawawezi kumaliza shene siku moja, hata kama kilometa ni sawa. Tena ili kupanda vizuri, wengi wanabadilisha pinyo ya meno 14, wanaweka ya 13. Inapanda, ndiyo, lakini shene inalazimika kupinda zaidi kila jino, digri karibu 28 pahali pa 26, na kila jino la pinyo linarudi kazini haraka zaidi. Ni bora kuacha pinyo ya 14 na kuongeza kurone, kutoka 42 kwenda 45: nguvu ya kupanda ni karibu ile ile. Inagharimu zaidi kidogo siku ya kununua, ninakubali.

Na pinyo itaisha mbele ya kurone kila mara, msishangae. Ikiwa ni 14 kwa 42, kila jino la mbele linafanya kazi mara tatu ya jino la nyuma.

Nirudie sasa ugomvi wa boss na motari, juu shene iliyokufa inasema nani alikosa, ukijua kuisoma. Ipime kwanza. Osha, nyoosha, hesabu misumari 21, pima kutoka katikati ya wa kwanza mpaka katikati ya wa 21. Ikiwa ni 428 mpya utapata milimita 254. Ikifika 257, anza kutafuta pesa. Ikifika 259, usitembee nayo tena. Siku itakaporuka inaweza kujikunja kati ya pinyo na karte ya motere, gurudumu la nyuma linafunga ghafula, na ile si hasara ya shene tena.

Kisha angalia. Ikiwa vipimo ni karibu sawa fasi zote na meno yamepinda sawasawa, hiyo ni njia, mzigo na siku. Motari hana deni. Ikiwa viungo vingine vimekuwa vigumu, havikunjike, na kutu, hapo moto ililala na maji usiku mingi bila kupanguswa, na motari ajibu. Ikiwa meno ya kurone yameliwa upande mmoja tu, na vibati vya ndani vinang'aa upande mmoja, basi gurudumu lilifungwa pindepinde: ni yule aliyekaza mara ya mwisho, motari ao fundi, hakuangalia alama za pande mbili. Na ikiwa shene ilikuwa mpya juu ya kurone yenye ndoano, mwenye kosa ni yule aliyekataa kulipa seti nzima, na mara nyingi yule ni boss mwenyewe. Ningependa ile sentensi iandikwe kwenye kila karatasi ya mapatano ya verseman: seti nzima, kwa pesa ya mwenye moto, usafi wa kila siku, kwa mikono ya motari.

Kuhusu kununua: kopi ni nyingi, na sanduku halisemi kitu. Chukua lima ndogo, jaribu pembeni ya jino la kurone. Chuma kilichokazwa, lima inateleza. Chuma laini, lima inauma na kutoa unga. Muuzaji hatafurahi, mwambie mapema.

Na karita ya shene, ile bati ya kufunika, wengi wanaitoa eti inapiga kelele ao inajaza matope. Wale waliotengeneza moto kwa ajili ya mashamba walifikiri kinyume. Yamaha AG 100, ambayo wazee wetu wa miradi ya kilimo wanaijua, shene yake imefunikwa yote, mbele mpaka nyuma. Huwezi kuweka hiyo ku kila moto, lakini kipande cha tairi ya zamani kilichokatwa na kufungwa mbele ya gurudumu la nyuma kinazuia sehemu nzuri ya ule mchanga unaotupwa juu ya shene.

Mwisho, siku unaweka mpya, angalia ile klipu ndogo ya kufungia shene: upande uliofungwa uelekee kule shene inakwenda, upande wenye mdomo wazi ubaki nyuma. Ikiwekwa kinyume, jiwe moja linatosha kuitoa.